Mikono Inayopokea Taka Zetu

Naongoza kikundi cha watu wazima parokiani kinachosoma Mafundisho Jamii ya Kanisa. Tunakaa jioni baada ya Misa: walimu, mafundi, wastaafu, vijana wanaotafuta kazi, akina mama waliofunga biashara mapema ili wawahi. Tulipofika kwenye Waraka wa Laudato Si', yaani Sifa Iwe Kwako, alioutoa Papa Fransisko mwaka 2015, mzee mmoja alinyoosha mkono kabla hatujafungua hata ukurasa wa kwanza. "Mwalimu," akasema, "mimi nimekuja kujifunza habari za wokovu. Miti na moshi vina watu wake serikalini. Kanisa limeingiaje huko?"

Namshukuru mzee yule mpaka leo, maana alilisema wazi jambo ambalo wengi hulikalia kimya. Nimekutana nalo kwa waamini wema kabisa, watu wa rozari na mafungo, wanaoona kwamba habari ya mazingira ni nyongeza iliyobandikwa juu ya imani na wapenda mambo mapya.

Nilimrudisha nyuma kwanza, asidhani jambo hili lilizuka juzi. Mwaka 1971, katika barua yake Octogesima Adveniens, Papa Paulo VI alionya kwamba binadamu akiendelea kuitumia asili bila kufikiri, ataiharibu na yeye mwenyewe atakuwa mhanga wa uharibifu huo. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu Fransisko wa Asizi kuwa msimamizi wa wanaohifadhi mazingira mwaka 1979, na ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani wa tarehe 1 Januari 1990 ulihusu jambo hili mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1991, katika waraka wake Centesimus Annus, aliongeza neno ambalo wanaharakati wengi hawalipendi sana: watu wanahangaikia makazi ya wanyama wanaotoweka, na ni haki yao kuhangaika, lakini juhudi za kulinda mazingira ya kimaadili anamokulia binadamu ni ndogo mno. Papa Benedikto XVI alifunga mambo hayo mawili pamoja katika waraka wake Caritas in Veritate wa mwaka 2009: namna watu wanavyoyatendea mazingira huathiri namna wanavyotendeana wao kwa wao, na kinyume chake.

Mzee alinisikiliza kwa adabu, akaandika miaka yote kwenye daftari lake. Sikuona kama ameguswa. Na sikushangaa, kwa kuwa orodha ya nyaraka humpa mtu taarifa bila kumpa sababu ya kubadili chochote nyumbani kwake. Sababu tuliikuta pamoja, mbali na darasa.

Mimi ni mmoja wa walei waliopewa utume wa kupeleka Komunyo kwa wagonjwa, na mzee huyo hunisindikiza mara nyingi. Tulikuwa tukimtembelea mama mmoja mwenye ugonjwa wa kifua, asiyeweza tena kutembea hadi kanisani. Chumba chake kina dirisha moja, na nyuma ya dirisha hilo ndipo majirani wanapochomea taka. Siku hiyo moto ulikuwa umekolea. Moshi wa plastiki, ule mweusi wenye harufu inayong'ang'ania kooni, ulikuwa unaingia ndani, na binti yake alikuwa ameziba mianya ya dirisha kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Nilianza sala, kikohozi kikamshika. Nikanyamaza. Nikaanza tena, kikamshika tena. Nilikaa na Mwili wa Kristo mkononi nikisubiri mama wa watu apate pumzi ya kutosha kusema "Amina".

Tulipotoka, mzee hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sisi tukikuta moshi pale tunapita. Yule mama hana pa kwenda."

Hapo ndipo Waraka ulipofunguka, kwake na kwangu pia. Papa Fransisko anaandika katika aya ya 139 kwamba hatukabiliwi na migogoro miwili, mmoja wa mazingira na mwingine wa jamii, bali ni mgogoro mmoja wenye sura zote mbili. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo na kuifundisha. Chumbani mwa yule mama niliiona. Ukisema moshi ule ni suala la hewa, utasahau kwamba mwenye uwezo amekwisha kuhamia mahali pasipo na jalala. Ukisema ni suala la umaskini tu, utamletea msaada wa chakula na kumwacha aendelee kuvuta sumu, kwa maana plastiki za aina fulani zikichomwa hewani hutoa kemikali za dioksini, na chembechembe laini za moshi huzama ndani kabisa ya mapafu. Na ukisema ni suala la kiroho peke yake, utamjia na Ekaristi ukashindwa hata kumpa kwa sababu hawezi kupumua.

Majirani wale si watu wabaya, nisieleweke vibaya. Wanachoma kwa sababu hakuna gari la taka linalofika kwao, na taka zikikaa zinaleta nzi na panya kwa watoto wao. Wao nao wameachwa. Ndiyo maana siupendi mtindo wa kuhubiri mazingira kwa kuwakaripia maskini, na nikisoma Waraka siuoni mtindo huo humo. Papa anaanzia mbali zaidi, kwenye utamaduni wa kutupa, ambapo kitu hutengenezwa ili kisidumu, hununuliwa bila kuhitajika, kisha hutupwa upande ambao macho ya mnunuzi hayafiki. Tabia hiyohiyo, anasema, huishia kuwatupa watu: mzee asiyezalisha, mlemavu, mtoto ambaye hajazaliwa, mtu asiye na kazi.

Jioni iliyofuata kikundi hakikuzungumzia kitu kingine. Mzee mwenyewe ndiye aliyewasimulia wenzake. Kijana mmoja fundi akasema tuanze na kile kinachotoka majumbani mwetu, na wazo la kutenganisha taka likapendekezwa: mabaki ya chakula upande wake, plastiki upande wake, vioo na vyuma upande wake. Wengi walikubali haraka, kwa sababu ni jambo jepesi kulisema. Mama mmoja anayekaaga nyuma, mkimya, akaomba kuongea. Wengi hatukujua anafanya kazi gani. Akasema yeye ni mwokota taka. Huamka gizani, hupita kwenye mapipa na majalala akitafuta chupa, makopo na vyuma vya kuuza kwa uzani. Akainua mikono yake tuione.

"Mnazungumzia dunia," akasema. "Mimi naomba mzungumzie na hivi vidole. Mtu anavunja glasi, anaitupa pamoja na mabaki ya chakula na nepi ya mtoto na sindano ya mgonjwa, anafunga mfuko. Mimi ndiye ninayeufungua."

Nimehudhuria semina kadhaa kuhusu mazingira na sijapata kusikia mtu akieleza kutenganisha taka kwa namna ile. Kila mara tunaambiwa faida zake kwa ardhi na maji, na faida hizo ni za kweli kabisa. Lakini kabla mfuko wa taka haujafika ardhini, kuna mikono inayoupokea. Glasi iliyofungwa kwenye karatasi nene na kuwekwa peke yake ni tendo la haki kwa mtu ambaye huenda usimwone maisha yako yote. Tangu siku ile sijaweza tena kufundisha utunzaji wa mazingira kama somo moja na utu wa binadamu kama somo jingine. Tangazo la Dignitas Infinita, lililotolewa na Kanisa mwaka 2024, linasema hadhi ya mtu haitegemei hali aliyo nayo wala mazingira anamokutwa. Aliyeinama juu ya pipa anayo yote, sawasawa na aliyelijaza.

Tulikuwa na zamu ya Biblia kila kikao, na kwa wiki iliyofuata nilichagua Kitabu cha Ruthu, sura ya pili. Ruthu ni mjane, ni mgeni kutoka Moabu, hana shamba. Anaishi kwa kuokota masazo nyuma ya wavunaji katika shamba la mtu aitwaye Boazi. Sheria ya Musa, katika Walawi 19, ilikuwa imeagiza kwamba mwenye shamba asivune hadi pembezoni wala asirudi kukusanya yaliyoanguka; hayo ni ya maskini na mgeni. Papa Fransisko anaikumbuka sheria hiyo katika aya ya 71. Sikusema chochote kuhusu wazoa taka. Nilisoma tu, nikaacha kimya kidogo, kama desturi ya kutafakari ilivyo.

Yule mama ndiye aliyeuliza. "Mwalimu, Boazi aliwaambia vijana wake wasimkemee, sivyo?"

Ndivyo. Na si hilo tu. Tulirudi tukaisoma sura tena polepole tukitafuta kila alichofanya Boazi, na ni mengi kuliko nilivyowahi kuona. Anawakataza vijana wasimguse. Anamwambia akiona kiu aende kwenye vyombo akanywe maji waliyoteka wafanyakazi. Wakati wa chakula anamwita aketi kando ya wavunaji na kumpa mpaka anashiba na kusaza. Kisha anawaagiza wamwangushie masuke makusudi, wala wasimkemee. Sheria ilimtaka Boazi aache masazo. Heshima ile nyingine yote aliiongeza mwenyewe. Na Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, alimtaja Ruthu kwa jina: mwokota masazo ni bibi wa Mwokozi.

Sitadai kwamba jalala ni shamba la Boazi. Ruthu aliokota shayiri safi, chakula cha watu. Mama huyu huokota kilichooza katikati ya vijidudu. Tofauti hiyo inatuongezea deni. Sheria ya Mungu ilimwachia maskini sehemu ya mavuno yenyewe, sisi tunamwachia uchafu.

Basi tukaanza na yale ya Boazi. Kwanza, kuacha kukemea. Kulikuwa na walinzi na waamini waliokuwa wakiwafukuza wazoa taka kwenye pipa la parokia kwa maneno ambayo sitayaandika. Paroko alilisema jambo hilo madhabahuni kwa upole, na kwa uwazi usioacha mlango wa kutorokea. Baadaye mwenyekiti wa halmashauri ya walei akaenda kuongea na wazoa taka, akawauliza majina yao. Kuuliza jina kulifanya kazi kubwa kuliko tangazo, naamini hivyo.

Maji ndiyo yaliyotusumbua. Parokia ina kisima na bomba, na wazoa taka waliomba wawe wanaosha mikono na kunywa pale. Kulikuwa na upinzani. Wengine walisema bomba litachafuka, wengine kwamba wakija hao watakuja na wengine, tena si Wakatoliki. Hoja ya uchafu ilikuwa na ukweli wake na tuliitatua kwa kuweka bomba la pili la kunawia, lenye mfereji wake. Hoja ya nani anastahili ilihitaji jibu la aina nyingine. Aya ya 30 ya Waraka inasema kupata maji safi na salama ni haki msingi ya binadamu, ya watu wote, kwa kuwa ni sharti la kuishi na kwa hiyo ni sharti la haki nyingine zote. Na nyuma ya aya hiyo kuna fundisho la kale zaidi, lililokaririwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati yake Gaudium et Spes mwaka 1965: Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Kumiliki kunaruhusiwa, ila kunabeba wajibu juu yake. Kisima ni cha parokia. Maji yaliyomo ndani "ni mali ya Bwana," kama Zaburi ya 24 inavyosema juu ya nchi na vyote viijazavyo. Mzee wetu wa daftari ndiye aliyeyasema haya kwenye kikao, mimi nikiwa nimekaa tu, na akamalizia: "Mkiniuliza kama wao ni wenzetu, nami nawauliza, Boazi alimuuliza Ruthu kadi ya ubatizo?" Bomba likafunguliwa.

Kuhusu miti nitasema kwa kifupi, maana wengi wakisikia "mazingira" hufikiri miti peke yake. Tulipanda. Kila mche ulikabidhiwa familia moja yenye jina, ya kuumwagilia na kuulinda, na iliyo hai ni mingi. Basi.

Liko jambo moja lililoleta mvutano mkali zaidi ya kisima, nalo sitaki kuliruka. Dada mmoja msomi, mwenye moyo mzuri na anayejali sana mazingira, alisema tatizo la msingi ni kwamba maskini wanazaliana mno, wakipungua taka zitapungua. Yule mama mwokota taka alikuwepo, amempakata mjukuu wake. Palitokea kimya kizito. Nilimwomba dada tuisome aya ya 50 pamoja. Inasema wazi kwamba kulaumu ongezeko la watu badala ya ulaji uliokithiri wa wachache ni njia ya kukwepa kulitazama tatizo. Nikaongeza kutoka aya ya 91: ni kujipinga kupigana na biashara haramu ya wanyama walio hatarini kutoweka huku tukibaki baridi mbele ya biashara haramu ya binadamu, au tukiwapa maskini kisogo. Dada alikuwa na hoja zake na hatukumaliza siku hiyo. Nilichotaka aone ni kwamba mwenye kuzalisha takataka kidogo kuliko wote chumbani mle alikuwa ni bibi yule na mjukuu wake. Maisha yao hupita katika kupunguza taka za wengine. Kanisa Katoliki haliwezi kuwa na mpango wa mazingira unaomwona mtoto huyo kama mzigo. Likifanya hivyo litakuwa limeacha kufundisha kile lilichopokea, yaani kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Ninaamini pia, na hapa baadhi ya wenzangu hawanifuati, kwamba matendo ya nyumbani hayatoshi. Aya ya 211 inayasifu, tena kwa kuyataja moja moja: kupunguza plastiki na karatasi, kubana matumizi ya maji, kutenganisha taka, kupika kile tu kitakacholiwa, kuzima taa zisizohitajika. Lakini aya ya 219 inasema kwamba matatizo ya jamii hujibiwa na jamii iliyoungana, si kwa jumla ya wema wa mtu mmoja mmoja. Wongofu wa kiikolojia, yaani kugeuka moyo na kubadili namna tunavyoyatendea mazingira, ni wa jumuiya pia. Nyumba zetu zilipoanza kutenganisha taka, moshi nyuma ya dirisha la yule mgonjwa uliendelea, kwa sababu gari bado halikuwa linafika. Tungeweza kujipongeza na kuishia hapo.

Tukaandika barua kwa mamlaka inayohusika. Kabla ya kuiandika tulibishana kama ni siasa. Jibu langu lilikuwa kwamba kuwaomba wenye dhamana watimize wajibu wao kwa mafao ya wengi ni kazi ya mlei kabisa, na Waraka katika aya ya 179 unasema wananchi wasipoibana mamlaka ya kisiasa, uharibifu wa mazingira hauwezi kudhibitiwa. Barua ilitiwa sahihi na wanaparokia, na majirani Waislamu wanaovuta moshi uleule, na wazoa taka wenyewe. Papa Fransisko aliuelekeza Waraka wake kwa kila mtu anayeishi katika sayari hii, kwa hiyo hatukuona sababu ya kubakiza barua yetu ndani ya uzio wa kanisa.

Jibu lilichukua muda. Gari litakuja, lakini litaishia barabara kubwa kwa kuwa vichochoro ni vyembamba. Wazoa taka wakajitolea kuzitoa taka majumbani kwa mikokoteni hadi kwenye gari, wakiweka sharti kwamba kila nyumba ichangie malipo yao. Hapo ndipo tulipo sasa. Kuna wanaosema wapewe glavu na chupa watakazokuta, inatosha, mbona hata leo wanaokota bure. Mimi nasema walipwe. Kanisa limefundisha ujira wa haki tangu Papa Leo XIII alipotoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, na Mtume Yakobo alikwisha kuandika zamani kwamba mshahara ulionyimwa wafanya kazi hupiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Glavu ni kifaa cha kazi, si mshahara. Halmashauri inakutana kuamua kiasi, na safari hii yule mama ameitwa kuingia mwenyewe kikaoni awasemee wenzake.